Kitabu cha Wageni

Juba, Jumapili. Miaka kumi na tisa leo tangu nivuke mpaka pale Nimule na fimbo zangu za gofu.

Katibu wa klabu yetu ya zamani kule Uganda amenipigia simu. Ni mimi niliyemfundisha kushika fimbo. Wanataka kuandaa karamu na kunipa ngao kwa miaka ishirini na miwili niliyokuwa mwalimu wao. Moyo uliruka, nakiri. Nikamuuliza nitakaa wapi kwenye karamu hiyo.

"Ukumbini, Mzee, na sisi! Ila lazima mwanachama akuandike kwenye kitabu cha wageni. Sheria unaijua."

Naijua. Mwalimu hakuwa mwanachama. Nilikula jikoni na makedi, wale wabeba fimbo, wanafunzi wangu wakinywa bia ukumbini.

"Nani ataniandika?"

"Si mimi hapa!" Akacheka. "Usije na kaptula tu, kocha."

Sasa nafundisha wageni wa hoteli hapa mtaa wa Amarat, tunapiga mipira kwenye wavu nyuma ya jenereta. Si kazi ya kujivunia. Nilitamani kukanyaga tena ile nyasi ya shimo la tisa kabla magoti haya...

Nimemwambia nitafikiria. Nilimdanganya. Sitarudi kuandikwa mgeni.