Injini Tuliyoizima kwa Heshima Yako

Mwaka umezunguka, Baba yetu Beatus Dionisi, tangu tulipokulaza hapa Mofu, Machi 1996, masika yakianza.

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, ulikwenda bandani kwenye mashine yako ya kukobolea mpunga. Ulilegeza nati chini ya chujio, ukakinga dizeli kiganjani kuangalia kama imeingia maji. Jioni, hata uwe umechoka vipi, ulijaza tangi. “Tangi tupu linakunywa masika,” ulisema. Mama alikutania: “Injini inanyweshwa, mimi hata maji ya kuoga siulizwi!” Ulicheka, kisha ukamchotea.

Aliyekuja na kikapu kidogo ulimkobolea kwanza. Ulisema huyo watoto wake wanangoja.

Siku ulipofariki tuliizima injini. Tuliona si heshima ingurume msibani. Tukaifunika kanga ya Mama mpaka arobaini. Tangi hakuna aliyelikumbuka.

Arobaini ilipopita, ikagoma. Watu wakasema imekufuata. Baba mdogo Evarist akaleta mnunuzi kutoka Mang'ula.

“Shemeji, tuiuze kabla haijawa chuma chakavu.”

“Levina amekaa na baba yake bandani tangu amalize darasa la saba,” Mama akajibu. “Mwache aiguse kwanza.”

“Huyu? Hendeli itamrusha mpaka Kivukoni!”

“Inirushe tu, baba mdogo,” nikasema mimi Levina. “Lakini bado haijauzwa.”

Hendeli sikuishika. Nilichuchumaa nikafungua ile nati ya chujio, kama wewe. Yakatoka maji matupu, kikombe kizima. Nikaosha tangi na chujio, nikatia dizeli safi, nikalegeza nati ya pampu ili hewa itoke, mpaka mapovu yakaisha. Mnunuzi alikuwa anatazama jua. Ndipo nikamwomba baba mdogo azungushe hendeli, mimi nishike wenzo wa kuilegeza injini izunguke.

Ikakohoa moshi mweupe, ikanyamaza.

“Umeona?”

“Tena, baba mdogo.”

Ikanguruma. Mama akakaa juu ya gunia la pumba, akalia. Baba mdogo akajifuta jasho, akamgeukia mgeni wake: “Ndugu yangu, utanisamehe. Mashine ina mwenyewe.”

Tangu siku hiyo haijalala na tangi tupu. Na wakija wenye vikapu vidogo, wanajua foleni yetu inaanzia wapi.

Leo tukitoka misani hatutaizima, Baba. Majirani waje na mpunga wao kama kawaida. Wakisikia inanguruma, wajue ndivyo tunavyokuombea.

Unakumbukwa na mkeo Theodosia, mdogo wako Evarist, wanao Levina na Careen, jirani yako Waridi, na wote uliowakobolea.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Pumzika, Baba. Tangi limejaa.