Ndege wa Serikali Niliwaacha Wale

Shikamoo Mama Sikudhani wa safu ya ushauri, nakuandikia huku nimeziba karatasi kwa kiwiko maana dada anachungulia, niko kidato cha pili, kusema mbele za watu siwezi, hata jina langu likiitwa darasani nanyoosha kidole tu, lakini hili likibaki tumboni nitaugua.

Kituo cha utafiti kiliipa klabu yetu ya kilimo viwanja viwili vya mtama, kimoja mbegu ya Serikali, kingine mbegu iitwayo Shibe Kuu, ili ijulikane ipi inafaa wilaya nzima, na mimi nikapewa kazi ya kuamia ndege wasile mtama na kuandika mavuno kwenye daftari, sasa msimamizi ni bwana shamba Batholomeo, ambaye ndiye pia mwenye duka la kuuza Shibe Kuu, akanipa fulana ya Shibe Kuu na manati mpya, na binti yake Edina akawa ananiletea togwa kila saa nne, na Edina akisema "Mambo" mimi nasahau jibu. Kwelea kwelea walipokuja nikawa nafukuza wa Shibe Kuu tu, nilipouliza kile kiwanja kingine vipi bwana shamba akasema, "Kijana, wale ni ndege wa Serikali, wana ruhusa." Nikacheka, wakala hadi wengine wakaondoka kwa miguu. Halafu nikaandika, "Mbegu ya Serikali: mavuno hafifu." Ndege sikuwataja.

Ijumaa matokeo yanatangazwa, na bibi anataka kumuuza mbuzi wetu Spika, tunamwita hivyo kwa kuwa akilia wenzake wananyamaza, anunue Shibe Kuu, anawaambia majirani, "Kaandika mjukuu wangu, huyo hana ulimi wa kudanganya." Nikisema, Edina atanichukia. Nifanyeje?

Mwamia ndege, Chamwino

Marahaba mwanangu. Pole, na bakora yako ninayo. Ni kweli hukutumia ulimi, umetumia kalamu. Bwana shamba anayepima mbegu anayoiuza ni refa aliyevaa jezi ya timu moja, na wewe umekubali kumshikia kibendera, tena kwa togwa.

Leo hii mzuie bibi asimuuze Spika. Ukiona aibu, mwambie Spika kwa sauti bibi akiwa karibu. Kesho andika ukurasa mmoja: ndege walikula wapi, wewe ulisimama wapi, nani alikuambia nini. Mpe mwalimu wa klabu, na nakala ifike kituo cha utafiti kabla ya Ijumaa. Omba jaribio lirudiwe, ndege wafukuzwe pande zote, na msimamizi awe mtu asiye na duka. Fulana vua, manati rudisha.

Edina je, togwa aliileta kwa hiari au alitumwa? Hujui. Akikuletea kikombe baada ya Ijumaa, hicho kunywa, ujibu "Poa", inatosha.

Nami, kama wanavyofanya hapo bungeni, nitangaze maslahi yangu: nina eka mbili Bahi, na juzi nimenunua mifuko minne ya Shibe Kuu kwa sifa za daftari lako, zilizofika huku kabla ya matokeo. Kwa hiyo ule ukurasa usingoje kesho. Uandike leo.