Kiboko Aliyekwama Mlangoni

Recho mwanangu,

Uji nimeufunika jikoni, kunyweni wewe na Doto. Kuku nimeshawafungulia. Mimi natangulia shambani Kasekese, ~~nina haraka~~ naona aibu kukutazama.

Chini ya karatasi hii kuna kile kitabu cha kiboko ulichowachagulia wanafunzi wako wa darasa la kwanza. Ulipoenda bombani nilikitoa mkobani mwako, nikaweka kitabu changu kinene. Ulishanieleza, "Baba, hiki wanakipenda, tunapiga kelele wote." Mimi nikakucheka mbele ya mwanao Doto: "Maneno manne ukurasa mzima! Wakubwa wa elimu wameishiwa wino?" Nilichagua kwa unene, kama muhogo. Sisi, wakubwa hao walitupa kitabu kinene na fimbo, basi.

Nikakifungua ili nipate la kukusema zaidi. Kiboko kanasa mlangoni mwa duka, kila ukurasa analia, "Nimekwama!" Nikasoma mpaka mwisho. Kile kinene ninacho tangu mama yako yupo hai, sijavuka ukurasa wa pili. Kumbe nilikuwa nasoma kwa sauti. Jirani Ng'washi akachungulia uani: "Mzee, umekwama wapi?"

Nilitaka kumtukana. Nikamjibu, "Darasa la tatu."

Nilifikiri nikirudishe mkobani kimyakimya, nikaona huo ni wizi wa pili. Kinene nimeshakitoa. Wasomee cha kiboko.

Jioni urudi nacho, mwanangu. Usimwambie Doto unamletea nani.

Baba yako