Skrubu ya Dada

2 Februari

Kwako Dada,

Habari za kambini? Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua kwa kuinamia cherehani, lakini amenikataza nisikuandikie hilo, kwa hiyo jifanye hujalisoma.

Picha yako imefika. Mama ameibandika ukutani juu ya cherehani, na kila mteja anayekuja kupimwa lazima aitazame kwanza. "Huyo ni mkubwa wangu. Hiyo bastola mpya kapewa kambini, anajiandaa na mchujo wa timu ya taifa." Mteja mmoja aliuliza kama wewe ni polisi. Mama alimweleza habari za bastola ya upepo na shabaha za karatasi kwa kirefu, mpaka akamkatia mikono mifupi mtu aliyetaka mirefu.

Hongera. Karatasi mbili za mwanzo nimezichana, kwa sababu neno hilo lilionekana limeandikwa na mtu aliyeuma meno. Bastola ni nzuri. Mpini wake wa buluu ni mzuri. Niliitazama sana ile picha, halafu nikahamishia kiti changu upande ambao siioni.

Mimi ninayo ile yako ya zamani. Mzee Pumua alinikabidhi mbele ya kilabu nzima, kwa sauti yake ya ukocha. "Pumua, binti, pumua. Ni bastola, si mtoto mchanga." Nikadhani mambo yamenyooka. Risasi zangu zote zinakwenda kulia. Nalenga katikati ya duara jeusi, navuta kifyatulio polepole, na tundu linatokea kulia, kwenye karatasi nyeupe. Twiga, yule mrefu wa darasani kwetu, ameniuliza kama nalenga karatasi yangu au ya jirani.

Mwisho wa muhula kuna mashindano ya kilabu. Atakayeshinda kati yangu na Twiga ndiye atakayekaa na bastola yako na kwenda kuwakilisha kilabu. Mwingine atabaki kuandika alama za wenzake. Unajua ni nani watu wote wanamwona anafaa kukaa na kalamu. Niambie nakosea wapi.

Ni mimi mdogo wako


13 Februari

Miwani wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi mzima, nakula, nalala. Simu zetu bado wamezifungia kabatini, na ile ya ofisi tunapewa Jumapili tu. Nikipiga, Mama akishaishika haitoki sikioni mwake, ndiyo maana wewe nakuandikia. Mwambie nimelisoma la mgongo.

Sasa nikueleze bastola mpya. Ukiiinua, inakuja yenyewe. Ukifyatua hairuki hata kidogo, kama vile haikupiga. Kocha wa huku kanirekebishia mpini kwa mkono wangu na vilengeo kaviweka katikati kabisa kwa kipimo chake. Wenzangu wote wanaiomba waishike, nami najifanya sisikii. Ungeiona ungelia.

Kuhusu wewe: unaogopa, ndiyo yote. Mtu anayesoma vitabu kutwa anafikiri hata pale ambapo kidole tu kinatosha. Kaza mkono, uache kufikiri. Na nakuomba kitu kimoja tu: usiiguse ile skrubu ya kilengeo cha nyuma. Nimekaa nayo miaka, mimi na ile skrubu tunaelewana. Bastola iko mkononi mwako lakini ni yangu, usisahau.

Msalimie Mzee Pumua. Bado anakoroma kwenye kiti?

Dada yako


3 Machi

Kwako Dada,

Natumaini u mzima. Sisi wazima, Mama anakusalimu, Mzee Pumua anakusalimu na anasema hakoromi, anapumua.

Nimekaza mkono. Nimeacha kufikiri, jambo ambalo halikuwa rahisi. Zinakwenda kulia vilevile. Sasa nimegundua kwamba nikilenga ukingo wa kushoto wa duara, risasi inaingia katikati. Kwa hiyo nalenga pasipo ili nipate panapo, nami najiona kama mtu anayetembea kinyumenyume na kusifiwa kwa mwendo. Na mbinu hiyo haidumu. Nikichoka kidogo, jicho linarudi katikati, na risasi inarudi kulia.

Jana nilishindwa na Twiga tena. Mzee Pumua hakunigombeza. Alisema tu, taratibu, "Dada yako kwa bastola hiihii alikuwa anaitia kati." Afadhali angenigombeza. Kila mtu hapa ana sentensi moja inayoanza na "dada yako". Nyumbani upo ukutani, kilabuni upo mdomoni mwao, na hata kitanda chako, ambacho Mama amekijaza vitambaa, mimi siruhusiwi kuweka vitabu vyangu juu yake.

Nimeisoma tena barua yako. Imejaa bastola mpya, mpini wake na kuinuka kwake, na haina hata alama moja. Zamani ulikuwa huwezi kumaliza sentensi bila kunitajia alama zako. Unapiga ngapi siku hizi?

Mdogo wako


29 Machi

Kwako Dada,

Hujajibu. Mama anasema Jumapili ulikata simu mapema, ukasema umechoka. Natumaini huumwi. Sisi hatujambo.

Nimepata jibu, si kwako. Mwalimu wa fizikia anasema ukitaka kujua kinachokosea, badilisha kitu kimoja tu. Nikaamua kubadilisha mkono. Nilibeba mfuko wa mabaki ya vitambaa vya Mama hadi kilabuni, nikauweka mezani, nikailaza bastola juu yake, nikamwomba Mzee Pumua apige yeye.

"Mimi? Macho haya?"

"Wewe, Mzee."

Akapiga. Kulia. Akapiga nyingine. Kulia. Twiga naye akaomba, kwa kunionyesha, akapiga. Kulia, palepale pangu, kama tumetumia tundu moja. Hakucheka safari hiyo.

Mzee Pumua akakivaa kile kimiwani chake cha kamba, akakitazama kilengeo cha nyuma, kisha akaanza kucheka mpaka akakosa pumzi, yeye wa kupumua. "Hii bastola bado ina dada yako ndani yake," alisema. Kumbe ulipokuwa unafyatua, kidole chako kilikuwa kinaisukuma kushoto. Badala ya kukirekebisha kidole, ukazungusha skrubu ili bastola ielekee kulia, na makosa mawili yakawa yanakutana katikati. Mkono wangu haukuwa na kosa la kukutana nalo.

Akanipa bisibisi. Nikazungusha mwenyewe. Risasi iliyofuata iliingia katikati, na ya pili, na ya tatu.

Hiyo mpya vilengeo vyake viko katikati kabisa, umeandika mwenyewe. Basi zako zinakwenda kushoto, sivyo?

Nilipowaza hivyo nilifurahi, Dada. Nilifurahi sana.

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Sijambo.

Ndiyo, kushoto. Tangu siku ya kwanza. Nilimwomba kocha anizungushie skrubu, akasema, "Nitakutibu kidole, bastola haiumwi." Kila asubuhi ananiweka mbele ya ukuta mtupu, bila risasi, nivute kifyatulio tu kama mtoto anayefundishwa kushika kijiko. Wale waliokuwa wakiniomba waishike bastola yangu sasa hawaiombi.

Mchujo ni mwezi ujao. Nimemwomba Mama anitumie ile ya zamani kwa basi. Wewe irudishe skrubu ilipokuwa, uifunge vizuri, umpe. Najua mashindano yenu ni wiki hiyohiyo. Wewe bado mdogo, utapata mengine.

Nilikuwa nasimama na ile bastola mpaka mkono unakufa ganzi, wewe ukiwa umejilaza na kitabu, hata hutazami. Sasa umeisoma siku moja kama ukurasa, ukanikuta mimi ndani. Unafikiri inauma kidogo?

Dada yako


18 Aprili

Kwako Dada,

Shikamoo. Najua sikuamkii hivyo siku zote. Leo naona nianze na heshima, kwa sababu ninachoandika baadaye hakina.

Mama alikwishaifunga. Aliizungushia vipande vya kitambaa kama kikombe cha udongo, akaandika jina la kambi juu ya sanduku. "Ni ya dada yako," alisema. Mzee Pumua alipopata habari alisema, "Ni ya kilabu, ila mkubwa akiitaka nitafumba macho." Wote wawili walinitazama nikubali, kama ninavyokubali kila kitu.

Nimelifungua sanduku. Siitumi, Dada. Skrubu ilipokuwa nilipasahau kwa makusudi. Mama hajasema nami tangu jana, ananipa chakula kwa kusukuma sahani tu.

Ukiitaka, njoo uichukue mwenyewe. Nitakuwa kilabuni.

Mdogo wako


30 Mei

Miwani wangu,

Marahaba, ingawa imechelewa. Hamjambo huko? Mgongo wa Mama?

Jumapili Mama kaniambia umemshinda Twiga, na kwamba picha yako iko ukutani karibu na yangu, yako kubwa zaidi. Hukuniandikia. Kunyamaza umejifunza kwangu.

Mchujo nimepiga na mpya. Duru ya kwanza kushoto yote, nikataka kutupa kila kitu. Halafu nikakumbuka kwamba hata ile bastola ya zamani si ileile tena, wewe umeizungusha skrubu, hakuna pa kurudi. Nikavuta kama mbele ya ule ukuta. Nimekuwa mchezaji wa akiba, wa mwisho kabisa kwenye orodha, lakini nimo. Usingeninyima, nisingeweza kuiaga ile ya zamani peke yangu. Hilo sitaliandika tena.

Jambo lingine. Kocha ananiona nasoma barua zako nikikunja uso. Nikamsimulia ya mfuko wa vitambaa. Akacheka, akauliza, "Huyo mdogo wako anapiga pia, au anaandika tu?"

Nikamwambia unaandika tu.

Siku ya pili yake nikaenda zoezini, nikarudi, nikashindwa kula. Siku ya tatu nikamfuata ofisini nikamwambia ukweli, kwamba unapiga. Anataka akuone likizo ijayo. Uje na ile ya zamani.

Nakuja kukuchukua mwisho wa mwezi ujao. Toa vitambaa kitandani kwangu. Hii mpya nitakuruhusu uishike, lakini mbele yangu, na usiipige vizuri sana siku ya kwanza.

Dada yako