Mkono Niliompa Mama wa Mulei

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla hujanihukumu, kwani mimi ni mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali moja hapa Thika, na Jumanne moja nilikuwa nimekwisha kusugua mikono kwa sabuni na brashi, tayari kusafisha kidonda cha Zacharia, mfanyakazi aliyechanwa paja na mashine ya kiwandani, mara akaingia mama wa mchumba wangu Mulei, aliyekuja kumjulia hali jirani yake huyo, akaninyooshea mkono, nami nikaona nikiukataa atasema mwanawe anaoa msichana wa majivuno, basi nikampa wangu, akaushika kwa mikono yake yote miwili akicheka, “Mwanangu, mbona mkono umelowa kama wa dobi?”, na kwa kuona haya sikurudi kunawa mbele yake, nikaendelea na kidonda, ambacho sasa kimetunga usaha, na Sista wa wodi amemlaumu mzee Makau, anayechemsha vyombo vya kusafishia vidonda, naye atafukuzwa mwisho wa mwezi, na jana aliniambia, “Binti yangu, labda kweli maji hayakuchemka,” nami nikanyamaza, je, niseme, nipoteze cheti na mchumba?

Syombua, Makongeni

Syombua,

Jibu unalo, ndiyo maana hulali. Nakuhurumia: umelelewa kwamba mkono wa mkubwa haukataliwi, na malezi hayo ni mema. Lakini ulimheshimu aliyesimama ukamsahau aliyelala. Tunadai mbele ya wakoloni kwamba watoto wa nchi hii wanaweza kuongoza hospitali zao wenyewe. Nani atatuamini, ikiwa kosa la aliyesoma linabebwa na mzee wa kuchochea moto, naye aliyesoma anamtazama akijishuku bure? Dhuluma ni dhuluma hata ikitendwa kwa kunyamaza.

Leo hii nenda kwa Sista, useme: “Nilinawa, nikashika mkono wa mgeni, sikunawa tena.” Usiongeze machozi. Omba pia wageni wangoje nje vidonda vinaposafishwa, ili mwenzako asitegwe kama wewe. Adhabu utapewa, ipokee. Cheti kilichochelewa bado ni cheti, na paja la Zacharia, likipata penisilini na mikono safi, litapona.

Kisha Jumapili fika nyumbani kwa mama wa Mulei kabla habari haijakutangulia. Msalimie kwa mikono yote miwili, muda wote autakao. Halafu mweleze kwamba mkono ule alioukuta umelowa haukuwa wako wa kumpa. Siku ile ulikuwa wa Zacharia.