Baba, Mama Yako Anaona

Mpendwa Baba,

Nina habari ya mama yako, na nilitaka uipate kutoka kwangu. Lakini habari ya macho yake haielezeki bila kuanza na jicho lako, kwa hiyo nivumilie nianzie huko, asubuhi ile uliyorudi kutoka shamba la miwa umefunika uso kwa shati.

Nilikuwa darasa la saba. Ulisema ni jani tu la muwa lililokupiga ulipoinama kukata. Kwetu hapa Matete, nani hajachanjwa na jani la muwa? Kukhu, mama yako, akaenda nyuma ya nyumba, akachuma majani anayoyajua, akakukamulia maji yake jichoni. Hivyo ndivyo alivyotutibu sote tangu utotoni, nasi tukamshukuru. Siku zilizofuata jicho lilivimba, likatoa usaha, likageuka jeupe. Tulipokufikisha hospitalini Kakamega, daktari wa macho alisema jeraha lenyewe lilikuwa dogo kabisa, ila uchafu ulioingia ndani ulikuwa umeshaliozesha jicho. Ungeenda siku ile ile, angeliokoa. Akauliza kitu gani kilitiwa humo. Kukhu alikuwa ameketi karibu na mlango, na alisikia kila neno.

Ulimjibu daktari kwamba ulichelewa mwenyewe. Nje ya chumba ukamshika Kukhu mkono. "Mama, ulitaka nipone," ukamwambia, na hukulizungumza tena jambo hilo maisha yako yote.

Wengi walidhani utaacha kukata miwa. Ukarudi umevaa miwani ya mafundi wa vyuma, ile ya kioo cheupe, umeifunga kisogoni kwa kipande cha mpira. Wenzako walicheka hadi wakakaa chini. Jasho liliitia ukungu, ukawa unasimama kila mara kuifuta, na nyapara akakasirika. Nilikuwepo siku hiyo, nimekuletea uji. Alikuambia uivue, kwamba watu wanakatanga miwa hapa bila miwani na macho wako nayo. Uliweka panga chini kwanza, ndipo ukamjibu.

"Jicho moja miwa imeshachukua. Hili lililobaki ni langu."

Nyapara akaenda zake, nawe ukaendelea kukata.

Makokha, aliyekucheka kuliko wote, ndiye aliyepigwa na jani jichoni msimu uliofuata. Watu walishaanza kutafuta majani ya kukamua. Ukawazuia. Hukumruhusu hata kulisugua. Ulimmwagia maji safi taratibu, ukalifunika bila kulibana, ukampakia kwenye baiskeli yako moja kwa moja hadi kwa daktari. Alipewa dawa ya matone, na mpaka leo anaona kwa macho yote mawili. Tangu hapo hukutupa raha: watoto wanawe uso kila asubuhi, wasichangie taulo, na anayeumwa jicho aende hospitali siku hiyo hiyo. Watu walikuita Daktari kwa mzaha. Baadaye mzaha uliisha, jina likabaki.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekushinda. Kukhu alianza kupapasa kikombe mezani, kisha akawa anatutambua kwa sauti, huku mboni zake zikizidi kuwa nyeupe. Ulijua ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, na kwamba hospitali wanautoa. Ulimsihi, ukamtumia wachungaji, akakataa na hakusema sababu. Mimi aliniambia siku moja nikichambua mboga ya mrenda karibu naye, akaniapisha nisikufikishie.

"Niliharibu jicho la mwanangu," alisema. "Haya yangu nimeapa kuyaacha yaende."

Kisha ugonjwa wa kifua ukakuchukua. Siku ya kukuzika Kukhu alikuaga kwa viganja, kuanzia kwenye paji la uso hadi kidevuni, na pale penye lile jicho akakawia mpaka watu wakaanza kuguna. Nilisimama nyuma yake nikimshika kiuno. Hapo ndipo nilipoamua kwamba kazi uliyoiacha nitaimaliza mimi, apende asipende.

Baba, hukuniambia kwamba ni mgumu namna ile! Nilimwandama toka mavuno hadi palizi. Akijifanya amelala, nilingoja aamke. Akitaja kiapo chake, nilimtajia Makokha. Mwisho nikamwambia, "Kukhu, Baba hakukudai jicho. Alikuomba uone tu." Akauliza kama yule daktari bado yupo Kakamega. Nikamwambia yupo. Basi akasema nimtolee gauni lake la kanisani.

Alimweleza daktari mambo yote yeye mwenyewe, tangu majani hadi kiapo. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba ugonjwa huo hauji kwa kosa la mtu, huja na umri kama mvi, na hakuna majani wala matone ya kuuondoa. Walimtia dawa ya ganzi, wakatoa lenzi iliyofifia ndani ya jicho moja, wakaweka nyingine ya kutengenezwa. Siku ya pili walipofungua bandeji, alinikazia uso tu, nami nikadhani imeshindikana.

"Nasimiyu," akasema, "kumbe una pua ya baba yako."

Tulipofika nyumbani hakutaka hata chai. Aliniambia nimpeleke ulipolala. Alisimama pale bila kulia. Baadaye akaniuliza kama ndivyo tulivyomwacha mwanawe alale katika magugu namna hii, akaitisha jembe. Nilimkatalia, maana daktari amemkataza kuinama mpaka jicho lipone. Alinitazama kwa ukali, nami sikuyahamisha macho yangu. Ndipo nikapiga magoti nikaanza kung'oa, na yeye akabaki amesimama juu yangu, akininyooshea kidole.

"Hapo umeruka moja. Na lingine hilo, lile dogo, karibu na jiwe."

Pumzika, Baba. Jicho la pili linafanyiwa upasuaji mwezi ujao, na safari hii ni yeye anayeniharakisha mimi.

Ni mimi binti yako,
Nasimiyu