Shemeji Hakuotea

Mshauri mpendwa, nisaidie maana usingizi umenihama. Mimi ni fundi viatu, na wikendi huchezesha mechi za mtaani, si kwamba nimesomea urefa, ila nina sauti kubwa na filimbi yangu mwenyewe. Kwenye fainali ya mwezi uliopita kaka wa mke wangu, seremala, alikuwa mshambuliaji, na mechi ikielekea kuisha bila bao mwenzake akarusha mpira kwa mikono kutoka pembeni, ukamkuta shemeji peke yake nyuma ya mabeki wote, akautuliza kifuani akafunga, watu wakamrukia kwa furaha, na mimi nikapuliza kwamba ameotea, na timu yao ikafungwa kwa penalti.

Watu wakanisifu, "Refa huyu hana cha undugu!" nami nikatembea kifua mbele, mpaka wiki iliyopita kwenye semina ya marefa mkufunzi aliposema, kama jambo dogo tu, kwamba mpira wa kurusha ukimfikia mchezaji moja kwa moja hakuna kuotea.

Kumbe shemeji naye haijui hiyo sheria. Juzi alikuja nyumbani akaniambia, "Shem, nisamehe, nilikuweka pabaya mbele za watu. Tamaa ya goli iliniponza." Nikamjibu yamekwisha. Wenzake wanamwita Bwana Kuotea, ameacha mpira kabisa, jioni anashinda karakana akipiga randa mbao ambazo hakuna aliyeziagiza, na mke wangu akiniuliza, "Hivi kaka ana nini siku hizi?" nasema sijui. Najuta mpaka basi, lakini nikisema nitakuwa kichekesho cha mtaa. Nifanyeje?
Refa Mwenye Majuto

Ndugu refa, pole. Kutoijua sheria hakukufanyi mtu mbaya. Hata wale waliokuwa wakipiga kelele pembeni ya uwanja hawakuijua. Ila hapo kwenye "yamekwisha" umenichefua. Yamekwisha nini, bwana? Umemsamehe mtu kosa lako mwenyewe!

Mwambie mkeo leo, kabla hajasikia kwa majirani. Halafu nenda karakana kwa miguu yako, usimwite kwako kwenye chai na vicheko. Usianze na "unajua hizi sheria zina utata", maana hii haina. Sema, "Shemeji, hukuotea. Goli lilikuwa halali, mimi ndiye sikujua." Jumamosi, kabla ya mechi, yaseme hayo hayo mbele ya timu zote mbili kwa hiyo sauti yako. Watakucheka, watachoka. Na usipulize tena filimbi mpaka umezisoma sheria zote, si ya kurusha tu.

Kombe halirudi, kwa hiyo usimwahidi marudiano. Akifoka, nyamaza umsikilize. Mwenzio ana hasira ya haki kabisa, na muda wote huu amekuwa akiimalizia kwake mwenyewe.